Kiuno Chako, Futi ya Nani?

Tafuta uzi. Wowote ule: wa katani, wa kufungia mizigo, hata ule wanaonyooshea tofali mafundi uashi. Vua viatu, simama ukutani, mtu akupime toka utosini hadi kisiginoni, kisha aukate hapo. Ukunje mara mbili, ncha kwa ncha, uuzungushe kiunoni. Usivute tumbo ndani. Hakuna anayekutazama isipokuwa huyo aliyekushikia uzi. Ncha zikikutana, kiuno chako hakijazidi nusu ya urefu wako. Zikigoma kukutana, makala haya yanakuhusu. Hata zikikutana, soma tu, kwa sababu wapo watu ambao uzi unawapitisha halafu maabara inawakamata, na mara nyingi sababu iko kwenye asili yao na mahali wanapoishi.

Kipimo hicho mtaalamu wa lishe wa Uingereza, Margaret Ashwell, amekipigia debe kwa miaka mingi, na mwaka 2022 taasisi inayoandika miongozo ya tiba nchini humo, NICE, iliwataka watu wazima wajipime hivyo. Kinachotafutwa ni mafuta ya tumboni. Mafuta ya makalio na mapaja hayana ugomvi mkubwa na mtu. Yenye balaa ni yale yaliyojibana katikati ya utumbo na kulizunguka ini. Hayo huufanya mwili uwe mzito kuitikia insulini. Kongosho hulazimika kutoa insulini nyingi zaidi ili sukari iingie kwenye misuli, na katika vuta nikuvute hiyo presha hupanda, mafuta ya damu huharibika, na ipo siku kongosho huchoka. Mwaka 1988 Gerald Reaven, daktari wa Chuo Kikuu cha Stanford, aliyaunganisha matatizo hayo akayaita Sindromu X. Siku hizi huitwa sindromu ya metaboliki.

Dalili zake ni tano, na ukiwa nazo tatu unahesabiwa unayo. Ya kwanza ni kiuno kilichozidi, nitakirudia. Ya pili ni presha iliyofika 130 kwa namba ya juu au 85 kwa ya chini. Ya tatu ni sukari ya asubuhi kabla ya kula, kuanzia 5.6. Ya nne ni trigliseridi, yaani mafuta yanayosafiri kwenye damu, kuanzia 1.7. Ya tano ni HDL, ile wanayoiita lehemu nzuri, ikiwa chini ya 1.0 kwa mwanamume au 1.3 kwa mwanamke. Cheti chako kikiwa na namba kubwakubwa, kama 110 au 160, usishtuke: maabara hiyo inatumia vipimo vya miligramu. Gawanya sukari kwa 18, trigliseridi kwa 88.5, HDL kwa 38.7, utapata namba hizi.

Ukiwa unameza dawa ya presha, hesabu presha kuwa unayo, hata kama leo mashine imesoma 118. Sukari vivyo hivyo. Nimewasikia wengi wakijisifu, "Presha yangu siku hizi nzuri kabisa," na kidonge kiko mfukoni.

Sasa tazama jambo moja. Dalili nne kati ya hizo hazimuulizi mtu ukoo wake. Sukari ya 5.6 ni 5.6 Bukoba, Mumbai na Oslo. Kiuno peke yake ndicho kinachouliza: wewe ni wa wapi? Mwaka 2001 Wamarekani waliweka sentimita 102 kwa mwanamume na 88 kwa mwanamke. Mwaka 2005 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari likakataa futi moja kwa wote. Wazungu wa Ulaya wakapewa 94 kwa wanaume na 80 kwa wanawake. Wenye asili ya Bara Hindi na Wachina, 90 na 80. Waafrika wa kusini mwa Sahara na Waarabu wakaambiwa watumie za Ulaya mpaka takwimu zao zitakapopatikana. Mwaka 2009 mashirika makubwa ya moyo na kisukari yalipokaa pamoja na kukubaliana juu ya orodha moja, sisi tulibaki na futi ile ile ya kuazima.

Takwimu zetu zimeanza kupatikana, na hazisemi kitu kimoja. Ayesha Motala na wenzake waliwapima watu wa vijijini KwaZulu-Natal, wakaona mpaka unaofaa ni sentimita 86 kwa mwanamume na 92 kwa mwanamke. Mwaka 2017 uchambuzi mkubwa zaidi, uliokusanya vipimo vya nchi kadhaa za kusini mwa Sahara, ulitoa karibu 81 kwa wote wawili. Ona tofauti: kwa mwanamke zimepishana sana, lakini kwa mwanamume zote mbili ziko chini ya 94. Kwa hiyo mwanamume wa Kiafrika mwenye kiuno cha 88, ambaye cheti kinamwambia yuko salama, mimi nisingemwacha aende nyumbani bila kupimwa sukari na presha. Mwanamke aliyefika 80 apime pia, ila asibabaike kama mtu aliyekwisha kuhukumiwa.

Kupima kwenyewe kuna ufundi. Namba ya suruali si kiuno. Hilo alinifunza fundi cherehani wangu, mzee anayeshona barazani, nilipomwambia aweke akilini thelathini na nne. "Hiyo namba ya suruali, mwanangu," akasema bila kuinua macho. "Wanaume mnafunga mkanda chini ya tumbo, halafu mnasema hamjanenepa." Akanizungushia futi juu ya hapo nilipozoea, akasoma thelathini na saba, akaandika kwa chaki kwenye kitambaa bila neno la ziada. Inchi tatu, zaidi ya sentimita saba, nilikuwa nimezificha kwa kushusha suruali tu. Na nilikuwa nimewahi kupimwa siku ya upimaji wa bure, kijana mmoja akapitisha futi juu ya shati, juu ya mkanda na juu ya simu iliyokuwa mfukoni. Akaandika 101. Kwa hiyo kwa mwezi mmoja nilikuwa na viuno vitatu.

Fanya hivi. Papasa ubavuni upate mbavu ya mwisho kwa chini, kisha upate ncha ya juu ya mfupa wa nyonga. Katikati ya hapo ndipo pa kupima. Futi iguse ngozi, isipite juu ya nguo. Ilale sawa mbele na nyuma. Mtu akutazamie mgongoni, maana huko ndiko hupinda. Pumua kawaida, na mwisho wa kutoa pumzi soma namba. Futi ishike bila kuminya nyama. Pima mara mbili. Kama futi ni ya inchi, zidisha kwa 2.54.

Presha nayo ina adabu yake: ukae dakika tano kimya, miguu chini, mgongo umeegemea, mkono umewekwa usawa wa moyo, kibofu kitupu, na usiongee wakati mashine inapandisha. Aliyepimwa akiwa amesimama kwenye foleni huku akigombana na mtu aliyempita hajapimwa presha; amepimwa ugomvi.

Turudi kwenye asili. Ofisini kwetu nina rafiki ambaye babu yake alishuka bandarini na jahazi kutoka Kutch, India. Uzito wetu umepishana kwa kilo moja, urefu ni sawa, na kwa macho yeye ndiye mwembamba. Yeye anameza dawa za kisukari tangu ana miaka thelathini na minane. Mimi mwenye tumbo sukari yangu haina neno, lakini presha haikai. Kwa muda mrefu tulidhani ni bahati tu. Kisha nikakutana na picha iliyochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2004. Inawaonyesha wanasayansi wawili, Chittaranjan Yajnik wa Pune na John Yudkin wa London, wamesimama bega kwa bega. Wote wawili uwiano wao wa uzito na urefu, ule wa BMI, ulikuwa 22.3, yaani wembamba unaosifiwa na madaktari. Mashine ikapima mafuta yaliyomo mwilini: Yudkin asilimia 9.1, Yajnik asilimia 21.2. Mizani haikuona kitu.

Yajnik alikwenda mbali zaidi, akaanza na watoto wachanga. Vijijini karibu na Pune watoto huzaliwa na wastani wa kilo 2.7, Southampton, Uingereza, kilo 3.5. Ungedhani mtoto wa Pune amepungukiwa kila kitu sawasawa. Sivyo. Amepungukiwa zaidi nyama na viungo vya tumboni, lakini mafuta chini ya ngozi ameyahifadhi. Anazaliwa mwembamba mwenye mafuta, na misuli ndiyo inayotumia sukari. Mtoto huyo akikua, akapata kiti cha ofisini na sahani iliyojaa, hana pa kuiweka sukari hiyo.

Ndiyo maana kule Southall, magharibi mwa London, Paul McKeigue na wenzake walipowapima watu wa makamo mwaka 1991 walikuta kisukari kwa asilimia 19 ya wenye asili ya Bara Hindi na asilimia 4 ya Wazungu. Na si lazima uende London. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Donald McLarty, Andrew Swai na wenzao walipima vijiji vya Tanzania wakakuta kisukari kwa chini ya mtu mmoja kati ya mia. Kaushik Ramaiya alipopima jumuiya ya Wahindu wa Dar es Salaam katika miaka hiyo hiyo, ilikuwa karibu mmoja kati ya kumi.

Kama wewe ni Mgujarati wa Upanga, Mhindi wa Mombasa au mjukuu wao aliyeko Leicester, basi, usisubiri kitambi. BMI ya 23 ndiyo ya kuanza kuchunga, si 25 iliyobandikwa ukutani kliniki. Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walilisema hilo mwaka 2004. Kiuno 90 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke. Sukari uipime mapema, na ukiwa na mzazi mwenye kisukari, mapema zaidi.

Lakini usikimbilie kusema ni damu tu. Wanakijiji wa McLarty walikuwa wakulima wenye jembe mkononi. Wale wa Ramaiya walikuwa watu wa mjini. Ukilinganisha Mhindi wa dukani na Mngoni wa shambani, unalinganisha duka na shamba pia.

Hakuna waliolionyesha hilo kama Wapima. Hawa ni wenyeji wa asili wa Amerika ambao tawi moja liko Arizona, Marekani, na jingine liko milimani Meksiko, katika kijiji cha Maycoba. Ndugu wa damu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulikuta kisukari kwa asilimia 38 ya Wapima wa Arizona, mojawapo ya viwango vya juu kabisa duniani. Maycoba, wanakolima kwa mikono na kula maharage na mahindi yao, ilikuwa asilimia 6.9, karibu sawa na majirani zao wasio Wapima. Vinasaba vile vile, mpaka wa nchi katikati.

Huku kwetu kuna mfano ninaoupenda zaidi kwa sababu uliwafuata watu wakiwa safarini. Neil Poulter na wenzake waliwafuatilia Wajaluo waliotoka vijijini magharibi mwa Kenya kuhamia Nairobi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki. Matokeo yalichapishwa mwaka 1990. Presha ya waliohama ilikuwa juu kuliko ya waliobaki tangu miezi ya mwanzo. Si miaka: miezi. Mkojo wao ulionyesha chumvi imeongezeka na potasiamu, ile ya mboga za majani, ndizi na viazi, imepungua. Uzito nao ulipanda. Kabila halikubadilika; kilichobadilika ni sufuria. Ukihamia mjini, au ukihamia Ughaibuni, mwezi wa kwanza ndio wa kupima presha na kuiandika, upate pa kulinganishia baadaye.

Na ikiwa umehamia mbali zaidi, ongeza umakini. Utafiti uliowapima Waghana wa kijijini, wa mjini Ghana na walioko Amsterdam, Berlin na London ulikuta unene uliopindukia kwa asilimia 8.3 ya wanawake wa kijijini. London, wanawake wa asili ile ile, karibu asilimia 54. Sina sababu ya kudhani Mtanzania au Mkenya wa London au Minneapolis ana kinga ambayo Mghana hana.

Kwa jamaa zetu walioko Muscat na Nizwa, wengi wao wakiwa wana na wajukuu wa watu waliozaliwa Unguja na Pemba, Jawad Al-Lawati alichapisha mwaka 2003 kwamba mtu mzima mmoja kati ya watano mjini Nizwa, Oman, alikuwa na sindromu hii: asilimia 21, wanawake wakiwazidi wanaume kidogo. Na hiyo ni kwa futi ya Kimarekani ya 102 na 88. Punguza futi, idadi itaongezeka. Halwa na kahawa si shida kama vinakuja na wageni wa sikukuu. Shida ni gari lenye kiyoyozi linalokutoa mlangoni hadi mlangoni siku zote za mwaka.

Mswahili wa pwani atauliza, mimi nijiweke fungu gani? Swali zuri, wala halina jibu la fungu moja. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa DNA ya watu themanini waliozikwa katika miji ya pwani na maeneo jirani kati ya mwaka 1250 na 1800 hivi. Wengi wa pwani walikuwa na mama wa Kiafrika na sehemu kubwa ya asili ya Asia upande wa baba, hasa Uajemi. Kwa hiyo jedwali la daktari lenye visanduku vya Mwafrika, Mwarabu na Mhindi linakutaka uchague mzazi. Usichague. Tumia mpaka ulio mdogo zaidi kati ya inayoweza kukuhusu, kisha uliza nyumbani.

Kuuliza nyumbani ni kipimo cha bure na hakifanywi ipasavyo. Wazee hawatakwambia "bibi yako alikuwa na kisukari." Watakwambia alikatwa mguu. Watakwambia babu alianguka chooni upande mmoja ukafa, au kwamba alipofuka macho uzeeni, au kwamba shangazi alikuwa akizaa watoto wakubwa mno, wa kilo nne na nusu, halafu hawaishi. Tafsiri mwenyewe: mguu na macho ni sukari, upande mmoja ni presha, mtoto mkubwa ni sukari ya mimba. Ukipata wawili upande mmoja wa ukoo, jihesabu kama mtu aliyekwisha kupata dalili moja.

Sasa lile la maabara kumkamata aliyepitishwa na uzi, na kinyume chake, maana lipo pia. Utafiti wa kitaifa wa Marekani wa mwaka 1988 hadi 1994 ulikuta sindromu kwa asilimia 31.9 ya wenye asili ya Meksiko, 23.8 ya weupe na 21.6 ya weusi. Weusi wa mwisho! Wakati kila daktari wa Marekani anajua kwamba wagonjwa weusi ndio wanaoongoza kwa presha, na kwamba kisukari kinawashika kuliko weupe. Ukiwachambua utaona wanawake weusi walikuwa nayo zaidi ya wanaume weusi kwa asilimia 57, lakini hata hivyo jumla haikuingia akilini. Anne Sumner, mtafiti wa taasisi za taifa za afya za Marekani, ameandika kwa miaka mingi juu ya kinachotokea: kwa watu wenye asili ya Afrika, trigliseridi mara nyingi hubaki chini hata insulini inapokuwa imekwisha kugoma. Kwa hiyo kwenye mtihani wa maswali matano, Mwafrika anapewa alama moja ya bure. Anafaulu karatasi huku anaugua.

Hivyo, msomaji mwenye asili ya Afrika, ukipewa cheti cha mafuta ya damu na daktari akasema "trigliseridi safi," shukuru, lakini usilale. Angalia kiuno na presha kwanza, halafu sukari. Kwetu presha ndiyo hutangulia mara nyingi.

Kuna mtego mwingine kwenye sukari yenyewe. Kipimo cha HbA1c, kile kinachoeleza wastani wa sukari ya miezi mitatu, hutegemea chembe nyekundu za damu. Ukanda wetu una watu wengi waliorithi kinasaba kimoja cha selimundu bila kuumwa. Mwaka 2017 ilichapishwa kwamba Wamarekani weusi wenye kinasaba hicho walisomeka asilimia 5.72, na wasio nacho 6.01, wakati sukari yao ya kweli ilikuwa sawa. Kwa mtu aliye mpakani, tofauti hiyo inatosha kumfanya aambiwe yuko salama. Kama ukoo wenu una selimundu, omba sukari ya kufunga pia, yaani usile wala kunywa chochote isipokuwa maji kwa saa nane au zaidi.

Swali linalofuata ni la kufanya nini, na hapo asili inapoteza nguvu zake nyingi. Jaribio kubwa la Marekani la kuzuia kisukari, lililochapishwa mwaka 2002, liliwachukua watu 3,234 waliokuwa mpakani. Karibu nusu yao walikuwa weusi, wenye asili ya Amerika ya Kilatini, wenyeji wa asili na Waasia. Waliotakiwa kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea kwa haraka dakika 150 kwa wiki walipunguza kisukari kwa asilimia 58. Waliopewa metformini, asilimia 31. Na mguu ulifanya kazi kwa makundi yote bila kubagua. Asilimia 7 kwa mtu wa kilo 86 ni kilo sita. Si kumi na tano. Usiwasikilize wanaokuuzia chai ya kupunguza tumbo kwa wiki mbili.

Wamasai wanalitia mkazo hilo. Miaka mingi wazungu wamewashangaa kwa kunywa maziwa na kula nyama bila moyo kulalamika, na wengi wakadhani ni damu yao. Julius Mbalilaki na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, walipima nguvu wanazotumia kwa kazi na kutembea: Wamasai karibu kilokalori 2,565 kwa siku, wakulima wa vijijini 1,500, watu wa mjini 891. Morani anayekaa lindoni Dar es Salaam usiku kucha na soda mbili hana tena zile 2,565, hata kama shuka ni ile ile.

Upande wa chakula sitakuandikia ratiba, maana kila nyumba ina sufuria yake. Nitakwambia pa kuanzia. Vinywaji kwanza: soda, juisi ya pakiti, na chai ya vijiko vitatu mara nne kwa siku. Vijiko kumi na viwili vya sukari huwezi kuvila vikiwa kwenye sahani, lakini kwenye kikombe unavishusha bila kujua. Halafu chumvi ya mezani na ile ya viungo vya vipande. Halafu wanga: sembe ikiweza iwe dona, na donge liwe dogo kuliko mboga. Anayeweza kubadili kimoja tu abadili kinywaji. Nimeona watu wanaacha wali wakabaki na soda, wakashangaa.

Nikiri jambo. Si wataalamu wote wanaolipenda jina la sindromu hii. Vyama vya kisukari vya Marekani na Ulaya viliandika mwaka 2005 kwamba haijathibitika kuwa jumla yake inaeleza zaidi ya vipande vyake, na mwaka uliofuata Reaven mwenyewe aliuliza kama kuna haja ya kuipima. Mimi nakubaliana nao nusu. Hakuna kidonge cha sindromu. Kila dalili inatibiwa yenyewe. Lakini jina linasaidia kwa kumkumbusha mtu mwenye presha kwamba apime na sukari, jambo ambalo foleni ya kliniki yenye dirisha la presha huku na dirisha la kisukari kule haimkumbushi. Katika utafiti wa Tanzania wa mwaka 2012 kwa watu wa miaka 25 hadi 64, robo walikuwa na presha ya juu, na karibu 9 kati ya 100 walikuwa na sukari ya juu. Wengine ni wale wale, wamesimama kwenye madirisha mawili.

Ukienda, basi, nenda asubuhi na tumbo tupu, na useme kwa mdomo wako: "Naomba presha, sukari ya kufunga, na mafuta ya damu yenye HDL na trigliseridi." Taja HDL, kwa sababu maabara nyingine hupima lehemu ya jumla peke yake na kukuandikia "kawaida." Waambie kuhusu mguu wa bibi. Omba cheti uondoke nacho, usiache faili liwe ndilo pekee linalokumbuka. Na kama unatumia dawa yoyote usiiache kwa sababu ya kitu ulichosoma hapa; mpe daktari namba zako mwongee.

Uzi ule usiutupe. Kama ncha hazikukutana, pima pengo kwa vidole: viwili, vitatu, vinne. Andika vidole vingapi na tarehe kwenye kalenda ya jikoni, uutundike uzi kwenye msumari wa kalenda hiyo. Baada ya miezi mitatu uuzungushe tena, mtu yule yule akikushikia. Wangu ulianza na vidole vitatu. Sasa ni kimoja na nusu, na fundi wangu amenidai kitambaa cha suruali mpya kwa kuwa ile ya zamani, anasema, imeanza kusimama mahali pake.